Kongosho la Kaka Halina Hatia

Saluni ya Wanaume "Uso Mpya",
Kiti cha mbele, karibu na kioo kikubwa,
Nyuma ya Posta.

Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza najua umeipokea huku umeninunia. Habari za huko uliko? Habari za kazi, na habari za yule bibi kizee unayemtunza, anayeficha miwani yake mwenyewe halafu anakusingizia wewe? Mgongo wako je, bado unakukamata ukiinama? Nasikia baridi ya huko inaingia mpaka kwenye mifupa. Vaa soksi mbili mbili, Dada. Nani atakuona?

Sisi huku wazima. Mimi mwenyewe nimependeza, na wateja wameongezeka mpaka nimeweka benchi la pili la kusubiria. Wanaume wazima na akili zao wanakaa foleni saa nzima, wakati kinyozi wa ng'ambo ya barabara anajinyoa mwenyewe ili asisinzie. Sijisifu, nakueleza hali ilivyo.

Sasa keti. Kama umesimama jikoni, vuta kiti ukae. Nina habari kubwa, na ndani ya habari hiyo kuna kosa langu, na ndani ya kosa langu kuna ushindi ambao hata hospitali kubwa imeukubali. Ila kabla hujaendelea kusoma, kaichukue ile barua yangu ya mwezi uliopita, ile niliyokuandikia kwamba Kaka amerudia chupa. Ichane, kisha vipande uvichome. Kaka hajanywa. Hajagusa hata tone. Niliyekosea ni mimi, na kosa langu lina cheti cha maabara.

Najua nilivyokuumiza. Wewe ndiye uliyekaa naye miaka tisa iliyopita, alipopimwa akakutwa na virusi, akawa analala kwenye pombe na kuamkia pombe. Ulimwambia achague, dawa au chupa. Akachagua dawa, akaapa mbele yako nami nikiwa shahidi. Na siku unaondoka ulimwambia kwamba akirudia asikutafute tena. Basi mimi nikakuandikia amerudia, wewe ukanitumia maneno matatu: "Mwambie asinipigie tena." Nikayafikisha, Dada. Alikuwa amelala kitandani hospitalini nilipomsomea. Aligeukia ukutani, akabaki hivyo mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikikimbilia mwisho nitaruka pale penye utamu.

Kaka alianza kuumwa tumbo akiwa kazini, kwenye kile kibanda chake cha kutengeneza saa. Unakikumbuka: meza, taa, kile kioo anachobana jichoni, na yeye mwenyewe amejikunja kama ndoano kutwa nzima. Alifika hospitali amejishika juu ya kitovu, anatapika maji ya njano. Akapokelewa na daktari kijana, mpole, viatu vinang'aa. Kichwani alikuwa amenyolewa na mtu asiyejua kazi, lakini hilo tuliache. Akamchukua damu.

Hapa inabidi nikufundishe kama nilivyofundishwa, maana jambo hili sasa nalijua kuliko watu wenye vyeti ukutani. Nyuma ya mfuko wa chakula, Dada, kuna kiungo kinaitwa kongosho. Linatoa maji ya kusagia chakula, na ndani ya maji hayo kuna vitu vinaitwa vimeng'enya. Hivyo ndivyo vinavyomega chakula vipande vipande mpaka mwili ukipokee. Kongosho likivimba, vimeng'enya vinavuja vinaingia kwenye damu. Kwa hiyo ukichota damu ukavipima, unajua kongosho limekaaje bila kumpasua mtu. Kile walichompima Kaka kinaitwa amilesi. Mtu mzima mwenye afya anakuwa kwenye mia au chini yake. Kaka alikuwa na mia tatu na kumi na mbili.

Daktari akakaa pembeni ya kitanda, akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee, unatumia kilevi?"

"Situmii."

"Hata kidogo? Sikuhukumu, mzee, nataka nijue."

"Miaka tisa sijagusa."

Daktari akaandika kitu. Akasema kongosho mara nyingi huharibiwa na pombe, na kwa mtu mwenye virusi hata baadhi ya dawa huweza kulichokoza. Kwa hiyo asile, asinywe, awekewe maji ya mshipani, na dawa zote zisimame kwanza. Dawa zote, Dada! Hata zile anazomeza kila siku ya Mungu saa mbili kamili, zile saa zake tano za ukutani zikilia pamoja kama kengele za shule.

Wifi yako alisikia neno "pombe", mengine yakampita. Akaenda moja kwa moja kibandani, akapekua chini ya meza, akakuta chupa ina kitu cheupe kama maji, na harufu yake inapanda mpaka kwenye ubongo. Akaileta wodini ndani ya mkoba.

"Hii nini?"

"Ya kuoshea saa," Kaka akasema.

"Saa gani inaoshwa na kitu kinanuka hivi? Miaka tisa nakupikia, nakufulia, nakuhesabia vidonge, kumbe unaniosha mimi!"

Wakatafuta mtaalamu. Na mtaalamu, kwa bahati mbaya, nilikuwa nimesimama pale pale. Unanijua, Dada, nimezunguka. Nimeishi miji minne, nimelala gesti ambazo hata kunguni walikuwa na vyeo. Hakuna kinywaji kisichonijua jina. Nikanusa. Haikutosha. Nikachovya kidole nikalamba. Ulimi uliniungua siku mbili, nilikuwa nasema "thaa" badala ya "saa". Nikatoa hukumu kwa sauti nzito: hii ni pombe kali, tena ya kupikwa kwenye pipa, tena mpishi wake ana haraka.

 Kaka alinitazama tu, kama anavyotazama saa iliyoingia maji. Nami nikatoka pale nikaenda kukuandikia ile barua, nikakutumia na picha yake kwa simu papo hapo, nikiona nimefanya jambo la maana.

Kisha ukaja ujumbe wako. Kesho yake muuguzi alimwambia Kaka awe na subira, dawa zake zitarudishwa tumbo likitulia. Kaka akamjibu taratibu, bila hasira, "Zikirudi sitameza. Miaka tisa sijanywa na bado naitwa mlevi. Dawa za nini?"

Dada, mimi nimeshaona ugomvi wa visu nikacheka. Siku hiyo sikupata hata mzaha mmoja. Mtu mwenye hasira unaweza kumtania mpaka akalainika. Kaka hakuwa na hasira. Alikuwa ameshafunga duka. Kila mtu anayempenda alikuwa amemwambia wewe mwongo, na wa kwanza kulisema hilo kwa sauti nilikuwa mimi.

Sasa naingia mimi kwenye hadithi, kwa hiyo kaa vizuri.

Kaka aliendelea kutapika, wakaamua kumpitishia mpira puani uteremke tumboni. Mpira huo hubandikwa shavuni kwa plasta. Plasta ikagoma, maana Kaka alikuwa na ndevu. Muuguzi akaja na kile kiwembe cha hospitali, cha plastiki, chenye ukali wa kijiko. Nikamwambia, "Muuguzi, nakuheshimu, lakini hakuna mtu atakayegusa uso wa kaka yangu na mimi niko hai." Ilikuwa Jumamosi, siku yangu ya kumnyoa tangu miaka hiyo tisa. Nikafungua begi: wembe wangu, brashi yangu, taulo langu la moto. Wodi nzima ikageuka kutazama, na wenye kujiweza wakakaa kitako.

Lakini lazima nikuungamie jambo kuhusu zile ndevu.

Mwaka mzima uliopita mashavu ya Kaka yalikuwa yanajaa. Mimi nilifurahi! Saluni nilikuwa namwonyesha kwa wateja: tazameni matunzo, tazameni mtu anavyokula dawa zake akanawiri. Kusema kweli shingo ilikuwa nyembamba na mikono ile ile, ila mashavu kama anapuliza moto wa mkaa. Nami kidoleni nilikuwa naona. Ukinyoa, kidole gumba kinatangulia kuvuta ngozi, wembe unafuata. Mbele ya sikio la Kaka, wembe ulikuwa unapanda kilima. Kila baada ya miezi miwili kilima kimekua. Shavu la kushoto likazidi la kulia.

Sasa mimi sipendi uso usio na mizani. Ni ugonjwa wangu huo. Nikamwambia Kaka afuge ndevu, nikazichonga kwa akili: kushoto nikapunguza, kulia nikaacha nene, nikazishusha mpaka chini ya masikio. Uso ukanyooka kama umepigwa rula! Wewe mwenyewe ulipoona picha uliandika kwamba Kaka amerudi kijana. Ile ilikuwa kazi yangu, na mpaka leo nasema ndiyo kazi yangu bora kuliko zote.

Na ndiyo iliyomfungia Kaka mlango. Daktari wa watu alimtazama siku nne, na siku zote nne aliona mgonjwa mwenye ndevu nzuri. Nilificha ugonjwa kwa ustadi, Dada. Angekuwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ungeonekana siku ya kwanza.

Basi nikanyoa. Povu likaondoka, nikamfuta kwa taulo, nikarudi nyuma hatua moja kutazama. Nikajisikia vibaya. Bila ndevu, mashavu yalikuwa yamesimama mbele ya masikio kama mayai mawili, moja la kuku, moja la bata.

Wakati huo huo akaingia mama wa maabara kuchota damu kwa mara ya tatu. Wodini wanamwita Bibi Darubini. Mama wa makamo, viatu vya chini, hacheki na mtu ila anazungumza na vichupa vyake vya damu. Akafika kitandani, akasimama na sindano mkononi.

"Huyu ndiye yule wa jana?"

"Ndiye, mama," nikasema. "Nimemrudisha ujana."

"Ujana gani? Haya mashavu yameanza lini?"

Kaka alikuwa amefumba macho, hakutaka kujibu mtu. Nikajibu mimi. "Mwaka umepita, mama. Yalianza mbele ya sikio, yakashuka chini. La kushoto liliongezeka zaidi kuanzia mwezi wa kumi."

Akaweka sindano chini. Akamshika Kaka kwa vidole viwili, huku na huku. "Yanauma, baba?"

"Hayaumi."

"Mdomo unakauka?"

Kaka akafumbua macho. "Unakauka. Siwezi kukaa bila kikombe cha maji karibu."

Bibi Darubini akanigeukia. "Na wewe nani, unayejua mpaka mwezi?"

"Kinyozi wake, mama. Na mdogo wake. Nimemnyoa kila Jumamosi miaka tisa."

"Hukuyaona?"

"Niliyaona."

"Ukafanya nini?"

"Nikayaziba, mama."

"Ukayaziba!" Akanitazama toka juu mpaka chini. "Kinyozi, siku nne nagombana na namba ya huyu mtu, kumbe jibu umelifunika kwa ndevu?"

Kisha akaeleza, na hapa Dada soma polepole kama nilivyosikiliza. Amilesi ina makao mawili. Inatoka kwenye kongosho, ndiyo, lakini inatoka pia kwenye tezi za mate, zile zilizoko mashavuni mbele ya masikio. Mtu mwenye virusi, tezi hizo zinaweza kuvimba polepole, bila maumivu, hata miaka, na amilesi ikapanda kwenye damu huku kongosho limekaa kimya halina habari. Na kuna jambo lilikuwa linamkera: namba ya Kaka ilikuwa haisogei. Mia tatu kumi na mbili, halafu mia tatu na tisa. Kongosho likiwaka, namba hupanda kwa kasi na baada ya siku chache hushuka. Ya Kaka ilikuwa imekaa kama picha ukutani.

"Kuna kimeng'enya kingine," akasema, "lipesi. Hicho karibu chote ni cha kongosho, tezi za mate hazikijui. Ndicho kilichotakiwa kupimwa pamoja na hiki toka siku ya kwanza, ila dawa ya kukipimia ilikuwa imetuishia. Imeingia jana." Akachota damu, akamwambia muuguzi asipitishe mpira mpaka azungumze na daktari, akaondoka mbio na vile viatu vyake vya chini.

Tukasubiri. Wifi yako alikuwa amekuja, kama alivyokuja kila siku, anakaa kwenye kiti cha chuma miguuni kwa kitanda, mkoba juu ya mapaja. Nikamweleza yote. Akauliza swali moja tu, "Kwa hiyo hicho kipimo kikisema kongosho zima?"  Kaka alikuwa anatazama dari. Dada, nilivyo mimi sijawahi kukaa saa tatu bila kusema neno. Siku hiyo nilikaa.

Majibu huwa yanatumwa kwa karatasi. Siku hiyo Bibi Darubini aliyaleta mwenyewe. Tulimsikia kabla ya kumwona, anapanda ngazi anahema, daktari kijana nyuma yake anajaribu kwenda naye sambamba.

"Ishirini na sita!" akasema kabla hajafika kitandani. "Mwisho wa kawaida ni sitini, baba. Wewe una ishirini na sita!"

Daktari akaisoma karatasi, akaisoma tena. Kisha akafanya kitu kilichonifanya nimsamehe kile kichwa chake kilichonyolewa vibaya. Alikaa pembeni ya kitanda pale pale alipokaa siku ya kwanza, akasema kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Mzee, niliangalia namba nikaacha kuangalia uso. Nitakupima tumbo kwa mashine kuhakikisha, lakini kongosho lako ni zima. Na sikuwa na sababu ya kutokuamini. Nisamehe."

Kaka akasema, "Ahsante, daktari." Basi. Lakini kidevu chake, kidevu nilichokinyoa mwenyewe saa chache nyuma, kilikuwa kinatetemeka.

Wifi yako akafungua mkoba. Ile chupa alikuwa bado anatembea nayo, siku zote hizo! Akampa Bibi Darubini kwa mikono miwili. "Mama, na hii? Naomba uniambie hii ni nini."

Mama yule hata hakuileta karibu na pua. "Spiriti. Tunafutia meza maabara, mafundi saa wanaoshea vyuma vyao. Kwani nani alisema ni nini?"

 Macho yote kwangu. Hata mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye siku zote nne tulidhani hajitambui, alifungua jicho moja.

"Mimi, mama," nikasema. "Nilionja."

"Ulionja?"

"Tone tu."

"Spiriti ya kuoshea vyuma! Basi mliyemlaza siye. Mtoeni huyu, mlazeni kinyozi."

Dada, Kaka alicheka! Alicheka huku ameshika tumbo, anaumia na anacheka, anasema, "Redio, ondoka hapa, utaniua." Redio! Tangu alazwe hakuwa ameniita kwa jina langu hilo la utani. Nilitamani kumwambia aniite tena.

Wifi yako hakucheka. Alisogeza kiti mpaka karibu na mto, akasema, "Mume wangu, nimekukosea. Nilisikia neno moja nikasahau miaka tisa." Muuguzi alikuwa ameshaambiwa na daktari arudishe dawa, akaja na kile kikombe kidogo cha vidonge. Wifi yako akakipokea, akammiminia Kaka maji kwenye glasi. "Nakuomba umeze."

Kaka akavitazama vile vidonge kwa muda. Roho ilikuwa mkononi mwangu, nikikumbuka alivyosema.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa tisa na nusu."

"Saa yangu ni mbili. Weka hapo mezani, nitameza saa mbili."

Mtu mwingine angedhani amekataa. Sisi tunaomjua tulielewa. Muuguzi alitaka kubishana, nikamtoa nje kwa bega. Na nimeulizia kwa zamu ya jioni: saa mbili kamili, wala si na dakika moja, alimeza.

Ile mashine ya daktari, ya kupakwa jeli, ilipita tumboni na mashavuni ikathibitisha yote. Kongosho safi. Tezi za mashavu zina vifuko vidogo vya maji, si kitu cha kutisha, watakuwa wanazipima na zikikua zaidi atapelekwa kwa bingwa. Na yale maumivu? Vidonda vya tumbo. Shingo ilikuwa inamsumbua kwa kule kujikunja mezani, akawa anameza vidonge vya maumivu asubuhi na mchana bila kula kitu, na kwa vile ni Kaka, hakumwambia mtu. Sasa ana dawa ya vidonda, vile vidonge vya shingo vimepigwa marufuku, na mimi nimemwinulia meza kwa matofali mawili kila mguu asijikunje. Amerudi kazini wiki ya pili hii. Anakula, anakaripia, anachelewesha saa za watu kama kawaida.

Tumbo lake likiwa zima na jina lake likiwa safi, Dada, mimi natembea barabarani kama nimechaguliwa. Ananyolewa safi sasa, ndevu marufuku, amri ya Bibi Darubini, ili tezi zionekane. Na saluni nimeanzisha utaratibu wangu: kila mteja, kabla ya povu, nampapasa mbele ya masikio. Juzi mzee mmoja fundi viatu aliniruka.

"Wewe, nimekuja kunyolewa au kuchumbiwa?"

"Tulia, mzee wangu, natafuta kilima."

"Kilima kipo kwenye tumbo lako. Nyoa!"

Lakini wengine wananielewa. Muuguzi wa kliniki amenialika Alhamisi nikazungumze na vinyozi wenzangu, tuwaambie wateja wakaonwe tukikuta uvimbe, tusiuzibe. Nitavaa suti. Na yule wa ng'ambo ya barabara atakuwa amekaa mstari wa mbele ananisikiliza. Mungu ni mwema.

Sasa lililobaki ni lako. Kila kitu kimerudi mahali pake isipokuwa wewe. Kaka hajanituma. Yeye alisema tu, "Dada ana kazi nyingi, tusimsumbue." Lakini kila simu ikilia hapo kibandani anaitazama kwanza namba, halafu anairudisha mezani polepole. Mimi nimeona. Usimpigie kumpa pole, wala usimuulize habari za kongosho. Wewe ulimwamini mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi, na mimi ndiye mwongo wa ukoo mzima, hilo lijulikane na liandikwe. Kasirika na mimi mwaka mzima ukitaka. Mimi nina mgongo wa kubeba. Yeye mpigie.

Wifi yako anakusalimu, anasema atakuandikia mwenyewe akishaacha kuona aibu. Mama Mdogo anakusalimu, miguu yake imepona, sasa anaisumbua mitaa miwili. Mapacha wanakusalimu, wanadai umewasahau, ni waongo kama mimi. Nisalimie shemeji yangu mume wako, mwambie kile kitambi akipunguze kabla sijakiona. Msalimie na bibi kizee, mwambie ndugu yako kinyozi anasema miwani iko chini ya mto.

Mungu akulinde na shari za mbali na za karibu, akupe usingizi mzuri na mgongo mzuri, na siku ya kurudi akulete ukiwa unacheka.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Redio.

Nimempa Kaka asome kabla ya kufunga bahasha. Amekata mistari sita nilipojisifu (hii ni nakala mpya, nimeirudisha yote), kisha nikampa nakala hii, akachukua kalamu bila kuisoma tena. Haya ni maandishi yake, unayajua:

Dada, shikamoo. Sikunywa. Nipigie saa yoyote, simu iko mezani.